Jinsi ya Kuwa na Laptopu ya Biashara Bila Kuifanyia Biashara

Siku ya kuipokea usiende stendi peke yako. Laptopu iliyonunuliwa Kariakoo husafiri na basi zaidi ya kilomita 1,300: Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, Lamadi, Bunda, inakata kona Makutano, ndipo inaingia Musoma imechoka kuliko abiria. Mzigo wa safari ndefu hivyo haupokelewi kimya kimya. Kaa kijiweni hadi wakala wa basi akupigie, weka loudspika, umwache aseme mwenyewe: "Mzee, kuna laptopu yako hapa, njoo na kitambulisho." Hapo umesharudisha robo ya pesa zako na bado hujaigusa.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Kamunyonge, hapa Musoma: muuza dagaa wa jumla, mwenye duka la saruji na nondo, wakala wa pesa za simu aliyeongeza kibanda cha pili. Mtu mwenye mtoto anayesoma Dar aliyemwambia kwamba biashara za siku hizi haziendi bila kompyuta mpakato. Ni kweli haziendi. Wanaoshauri hivyo huwa tu hawasemi ziende wapi.

Kununua

Laptopu mpya kabisa, yenye boksi lake na nailoni yake, ipo, na bei yake ni vizuri uiulize ukiwa umekaa. Wengi wetu tunanunua mpya kwa maana ya Kariakoo, yaani mpya kwako. Kampuni za Ulaya hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Zilizotolewa zinasafishwa, nyingi zinapitia Dubai, zinashuka Dar, zinapangwa kwenye kioo cha duka zikiwa zimepakwa kitu kinachong'aa. Ndizo hizo HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Na hapa niseme bila mzaha: si vitu vibaya. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi, bawaba zake ni imara, kibodi zake zinavumilia, fundi anazifungua kwa bisibisi bila kupasua kitu. Nyingi zitaishi kuliko laptopu mpya ya plastiki ya bei hiyo hiyo.

Muuzaji atakuambia: "Kaka, hii ni Core i5, giga nane, SSD." Tikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo. Usimuulize i5 ya kizazi gani. i5 za kwanza zilitoka mwaka 2009, kwa hiyo jina hilo limebeba mababu na vitukuu pamoja, na njia ya kuwatenganisha ni kusoma namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Windows 11 inakipokea rasmi cha nane, cha sita inakikataa, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka uliofuata, ukiziweka mezani zikiwa zimefunikwa, utapata shida kusema ipi ni ipi. Jirani yako naye hatazitofautisha. Kwa kuwa laptopu hii unamnunulia jirani, chukua iliyo rahisi.

Vilevile kuna amri inayoitwa powercfg /batteryreport. Ukiiandika kwenye kile kidirisha cheusi, kompyuta inakutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri ilikuwa nao kiwandani na uwezo uliobaki leo. Ni dakika moja, unaweza kumwomba muuzaji afanye na kukupigia picha kabla hujatuma hela. Usiombe. Mambo kama hayo huulizwa kabla ya mahari, na wewe shemeji zako wameshaanza kushona sare.

Risiti ya mashine ya EFD nayo, kama unataka muuzaji abadilike sura, iombe.

Kuiwasha

Kikwazo cha kwanza ni plagi. Soketi zetu tulizirithi kwa Mwingereza, zina matundu matatu ya pini bapa. Chaja ya mtumba wa Ulaya inakuja na pini mbili za mviringo. Kila Mtanzania anajua cha kufanya na hakuna aliyefundishwa shuleni: unachukua kalamu ya Bic, unachokonoa tundu la juu hadi vile vizuizi vya ndani vifunguke, kisha unasukuma pini mbili kwa imani. Cheche ndogo ni kawaida. Cheche kubwa waite watu. Kisichojulikana na wengi ni kwamba lile tofali la chaja lenyewe linakubali volti 100 hadi 240, halina ugomvi na Tanesco. Kinachotakiwa ni kubadilisha ule waya wa ukutani tu, ambao unachomoka na kuuzwa peke yake madukani kwa hela ya chakula cha mchana. Lakini ukinunua waya, kalamu utaifanyia nini?

Kikwazo cha pili ni heshima. Utaiwasha mbele ya watu, utaiunganisha na hotspoti ya simu yako, na kuna laptopu ambazo hapo hapo zitakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua, pengine kwa Kijerumani au Kiholanzi, na kukutaka uingize barua pepe yako ya kazini. Maelezo yake ni haya: mwenye mali wa kwanza aliiandikisha kwenye mfumo wa kampuni yake na hakuiondoa alipoiuza. Namba ya mashine imebaki kwenye daftari lao huko mbali, na kila ikisafishwa na kukutana na intaneti inakumbuka nyumbani. Dawa halali ni kumrudishia aliyekuuzia. Dawa ya Kamunyonge ni kuwageukia mashahidi na kusema, "Mnaona? Wazungu wananitaka kazi." Ni kazi isiyo na mshahara, lakini hata hapa mjini zipo.

Ikishindikana kukuajiri, itaanza kujisasisha. Windows ikionja intaneti kwa mara ya kwanza hunywa giga na giga bila kuuliza, na bando la wiki litakatika kabla hujaandika jina la duka. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi kuna swichi ya kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa, iende taratibu. Ibonyeze. Huu ndio ushauri pekee wa maana katika aya hii, na naogopa utaharibu mwongozo.

Kibodi ya Kijerumani

Nakaa hapa kidogo kwa sababu jambo hili limenyamaziwa mno. Ikiwa laptopu yako ilitumikia Ujerumani, angalia herufi Y na Z. Wenzetu wanaziweka kinyume na tulivyozoea: pale unapoitegemea Y wao wameandika Z, na Z ilipokaa wamechora Y. Sasa fundi wa Kariakoo amekuwekea Windows ya Kiingereza, na kompyuta ikiambiwa ni ya Kiingereza haijali tena kilichochorwa juu ya vitufe. Ukibonyeza kitufe kilichochorwa Y inatoka Z. Ukibonyeza Z inatoka Y.

Kwa Mwingereza hili ni usumbufu mdogo. Kwa Mswahili ni maafa ya ngeli. Lugha yetu imesimama juu ya ya na za. Ukizibadilisha, umoja unakuwa wingi na wingi unakuwa umoja. Andika "biashara yangu" kwenye barua ya kuomba mkopo, inatoka "biashara zangu", na hapo usirekebishe chochote, peleka benki hivyo hivyo. Tatizo linaanza unapoandika "pesa zangu", zikatoka "pesa yangu", kana kwamba unayo noti moja. Mauzo yanakuwa mauyo. Dagaa wa Mwanza wanakuwa dagaa wa Mwanya, na mteja wa Nairobi atakuuliza wanavuliwa kwenye meno ya nani.

Mkoa wetu umebahatika kiasi. Musoma, Bunda, Butiama, Tarime, Serengeti: hakuna Y wala Z hata moja, andika kwa raha. Ndugu zetu wa Rorya wanakuwa Rorza. Na wewe, ukifika kwenye anwani yako mwenyewe, utakuwa mkazi wa Kamunzonge.

Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya lugha ukaongeza kibodi ya Kijerumani, herufi zikakubaliana na michoro. Unaweza pia kununua stika za herufi na kubandika. Mfanyabiashara makini hafanyi yote mawili. Hii kibodi ni sababu isiyopingika ya kutoandika kitu.

Mahali pa kuiweka

Mezani, kifuniko wazi, mgongo wenye nembo ukimtazama mteja. Wewe kaa nyuma yake uso umekunjwa. Mteja akikusalimia, malizia kwanza kubonyeza kitufe kikubwa cha kulia, kwa nguvu, kisha inua macho taratibu: "Eeh, karibu. Nilikuwa namalizia hesabu." Iwe imewaka au haijawaka haimhusu.

Ile karatasi ya plastiki juu ya kioo, kama ilikuja nayo, usiibandue. Ukibandua laptopu inaanza kuzeeka.

Maswali yatakuja, na majibu yaandae. Ukiwa na ThinkPad watu watataka kujua kile kidude chekundu katikati ya kibodi. Kinafanya kazi ya kipanya, kinasogeza mshale bila kuondoa mikono kwenye herufi, na kimekuwepo tangu IBM walipozindua ThinkPad mwaka 1992, miaka 13 kabla ya kuwauzia Lenovo wa China biashara yote ya kompyuta hizo. Usieleze haya. Sema kwa sauti ya chini, "Hicho ni cha usalama," na ukifunike kwa kidole.

Mzee akiuliza, "Mura, hii tivii inashika hata taarifa ya habari?" usicheke. Mjibu, "Shikamoo mzee. Inashika, ila leo hali ya hewa." Akiuliza kijana, jihadhari zaidi, maana huyo atataka kujua ina giga ngapi na kama unaweza kumchomea muvi za kutafsiriwa. Flashi yake ikishaingia mara moja, mafaili yote yatageuka kuwa vinjia vya mkato visivyofika popote, na utaipeleka kwa fundi akuoshee.

Jioni ifunike. Umeme ukikatika, kioo cha laptopu ndiyo taa pekee mtaani, na wale wadudu wadogo wa ziwani, msimu wao ukifika, hawachagui kati ya karabai ya mvuvi na Excel. Wanaingia kwenye matundu ya feni kwa wingi kuliko wateja.

Kazi yenyewe

Itafika siku utatakiwa kuitumia. Leseni ya biashara siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa Tausi, zabuni za serikali ziko NeST tangu 2023, mambo ya jina la kampuni yako BRELA mtandaoni. Utaratibu ni huu: iweke laptopu kwenye begi, panda bodaboda, nenda stesheneri. Mkute binti wa stesheneri mbele ya kompyuta ya mezani isiyo na kifuniko cha pembeni, mpe namba zako za siri zote kwa sauti wateja wengine wasikie, akujazie fomu, umlipe. Begi libaki begani muda wote. Akikuuliza ndani kuna nini, mwambie ni laptopu, na kwamba nyaraka zako kubwa zaidi unazifanyia huko.

Kuprinti ni hivyo hivyo. Andika barua kwenye laptopu, ipige picha kwa simu, itume WhatsApp kwa binti, aiandike upya. Ya na za zikirudi mahali pake katika safari hiyo, mshukuru.

Hesabu za kila siku ni jambo lingine kabisa, na hapa sitaki utani. Hizo ziko kwenye daftari kubwa la jalada gumu lililo chini ya mzani, lenye madoa ya mafuta, lenye kurasa za madeni ambazo mama watoto peke yake anazisoma. Daftari hilo halina chaja. Linajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawapatikani, kwa hiyo wiki hiyo deni la wavuvi huwa linavumiliwa. Linajua nani alikopa gunia na kuhamia kisiwani. Laptopu ukiiuliza hayo itakuomba barua pepe.

Usione haya, kuna serikali nzima iliyopita njia hiyo. Katika wageni watakaokuja kuitazama laptopu hatakosekana mzee mmoja, mara nyingi ana ndugu Butiama, atakayekuambia kwamba enzi za Mwalimu vitu hivi vilikuwa marufuku. Usibishane naye, anasema kweli. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu zilizopitishwa humo zilivurugika kiasi cha kuzirudisha mikononi mwa makarani na vitabu vyao, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Rais wakati huo alikuwa mtu aliyeanza shule papa hapa mjini, Mwisenge, mwaka 1934, na ambaye alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, bila kuomba bando kwa mtu. Marufuku ilichukua miaka mingi kulegea. Ilipofika 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili kitupu.

Windows 10 yenyewe unaweza kuibadilisha iwe ya Kiswahili ukitaka. Usibadilishe. Mteja akichungulia akasoma "Hifadhi" na "Funga" ataona ni vitu vya kawaida, hata mtoto wake angeweza, na ile heshima uliyoisafirisha kutoka Dar itayeyuka.

Wageni wa aina ya pili

Mpaka sasa tumeshughulika na watu ambao unataka waione. Wapo ambao hutaki.

Afisa wa kodi akiingia mtaani, habari zitakutangulia, kwa sababu kijana mmoja wa bodaboda mwenye mdomo ndiye atakayezileta. Una dakika kumi. Laptopu inaondoka mezani, inaingia kwenye gunia tupu, gunia linaingia uvunguni. Dagaa wachache wamwagwe mahali ilipokuwa. Kaa kwenye kigoda badala ya kiti. Lile koti ulilovaa tangu laptopu ifike, livue.

Kuna mtu atakuambia unakosea. Atakuambia sheria inawatofautisha wafanyabiashara wadogo kati ya anayetunza kumbukumbu za mauzo na asiyetunza, na kwamba mara nyingi asiyetunza ndiye anayekadiriwa vibaya. Kwa hiyo, atasema, ukurasa mmoja wa Excel, safu tatu tu, tarehe, kilichouzwa, kiasi, ukijazwa kila jioni kwa dakika tano, ungeweza kuirudisha bei yote ya laptopu ndani ya mwaka. Mtu huyu kwa kawaida ni yule mtoto anayesoma Dar. Mshukuru, mtumie nauli.

Afisa ataingia, mtasalimiana, atakaribishwa soda. Ataliomba daftari. Mpe. Atalifungua, atatazama mwandiko wa mama watoto, atageuza kurasa, atageuza na daftari lenyewe. Kisha atatoa kwenye begi lake laptopu: Dell Latitude, kona moja imekwanguka, mabaki ya stika ya kampuni ya Ulaya mgongoni. Atabonyeza kitufe cha kuwashia. Atakibonyeza tena. Atainua macho, awatazame wote waliomo dukani mmoja mmoja, pamoja na yule kijana wa bodaboda, na kuuliza kwa upole:

"Samahani ndugu zangu, hapa hakuna mtu mwenye chaja ya Dell?"

Kijana atakutazama wewe. Mteja aliyekuja kununua kilo mbili atakutazama wewe. Mama watoto atatazama uvunguni. Jibu sahihi ni: "Chaja ya nini?" na useme ukiwa tayari umeishika ile kalamu ya Bic, uiweke mfukoni.